Vitamini B ya Wajerumani

Mdogo wangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unauliza nimeingiaje kufanya kazi ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, hapa Dortmund wakati sina ndugu wala kimemo, maana umesikia Ujerumani hakuna kujuana, cheti chako ndicho kinakusemea. Aliyekwambia hivyo hajafanya kazi huku. Wajerumani wenyewe wana utani kwamba ili upate kazi nzuri unahitaji "vitamini B". Hiyo B ni ya Beziehungen, yaani mahusiano. Koneksheni hizo hizo unazozijua wewe. Ila zinavyopatikana ni vingine kabisa, na mimi nilikaa karibu miaka miwili bila kuelewa.

Cheti changu cha uuguzi kilipotambuliwa nilipangiwa wodi ya upasuaji. Kazi nilifanya, wallahi. Lakini kila mapumziko natoka nje na simu, mara mama, mara kundi letu la Watanzania. Wenzangu wako kwenye chumba cha chakula na mikate yao, wanacheka. Kijerumani cha ngazi ya B2, yaani cha kati, kinatosha kumhudumia mgonjwa. Utani wa mezani ulinipita juu, nikaona bora nikae zangu nje. Wao wakaona mtu anayewakwepa. Siku yangu ya kuzaliwa nikangoja waniandalie chochote. Kimya. Kumbe huku mwenye siku yake ndiye analeta keki! Mwaka mzima nimekula za watu, yangu haijaonekana.

La aibu zaidi hili hapa. Miezi 6 ya majaribio haijaisha, nikamfuata muuguzi mmoja wa siku nyingi wa ICU, nikamsifia weee, nikampa na doti ya kitenge, nikamwomba aniombee nafasi kwa mkuu wake. Kitenge alikirudisha, kwa upole, akaniambia, "Mimi sijawahi kukuona ukifanya kazi." Nililia chooni. Leo namwelewa. Angenisemea halafu nikaboronga, jina lake ndilo lingechafuka, na wakati ule hakuwa na cha kusema juu yangu zaidi ya kwamba nina maneno matamu.

Nikaanza kukaa mezani, hata nikiwa sielewi. Nikajifunza kukabidhi zamu bila kuruka kitu, na nikikosea nasema mwenyewe kabla hawajagundua. Halafu ikaja Krismasi. Mwenzangu mmoja ana watoto wadogo na kapangiwa zamu ya mkesha, tarehe 24, ambayo kwao ndiyo siku yenyewe. Nikamwambia nipe mimi, mimi Mwislamu wa Tanga, sina ninachokosa. Ilipofika Idi akanishikia zamu yangu bila kuombwa. Huyo ndiye aliyenieleza kwamba naweza kuomba siku ya kwenda kuangalia kazi ya idara nyingine, wanaita Hospitation, na ndiye aliyewapigia simu ICU. Nikaenda siku 2. Yule wa kitenge alikuwepo, safari hii akaniona kazini.

Lakini usije ukadhani huyo wa Krismasi ni shoga yangu kama wale wa kwetu Ngamiani. Huu mwaka wa nne, nyumbani kwake sijawahi kufika. Mwanzo ilinikera, nikaita unafiki. Siku hizi sioni hivyo: akiniamini na mgonjwa wake mahututi, inanitosha.

Kundi la Watanzania silidharau, ndilo lililonitafutia chumba na mahali pa kununua unga wa ugali. Kwa nafasi za ICU, hata wao walikuwa wananiuliza mimi.

Visa ikitoka nijulishe. Na siku yako ya kuzaliwa ikiangukia Jumatatu, unga na mayai nunua Jumamosi. Jumapili huku maduka yanafungwa.