Simu uliyonayo inatosha kuanzia
Dada wa Newala uliyeuliza mwanao herufi zinamchanganya umnunulie mashine gani, usinunue kitu kwanza. Kama simu yako ni Android ingia setingi tafuta ufikivu, humo kuna ya kusoma maandishi kwa sauti, unagusa aya inamsomea, Kiswahili kipo we daunlodi tu sauti yake ukiwa na bando. Kuandika abonyeze kile kimaiki cha kwenye kibodi aongee, weka Kiswahili, ila akichomekea Kimakonde inaandika vituko hahaa. Mdogo wangu huku Masasi tunapiga picha ukurasa wa kitabu, Google Lens, ile programu ya Google ya kutambua vitu kwenye picha, inamsomea, taa ikiwa hafifu inakosea sana. NVDA, programu ya kompyuta inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, nayo bure ila hiyo hasa ya wasioona.