Dai za kujazia risasi: anayeanza anunue ya kubana ganda zima

Wakuu, naona vijana kadhaa hapa Dar wameanza kuulizia mambo ya kujaza risasi wenyewe, yaani kutengeneza risasi upya kwa ganda lililokwisha pigwa, na swali huwa lilelile, ninunue dai gani (dai ni "die", kile chuma kinachofungwa kwenye presi, mashine ya kubania, kurudisha ganda kwenye umbo lake au kukalisha kichwa cha risasi). Kabla ya dai, kibali. Kumiliki raifo kihalali hakumaanishi umeruhusiwa kutengeneza risasi, kuna sheria ya silaha na risasi ya 2015, nendeni polisi wanaohusika na silaha muulize, mkishakuwa na karatasi mkononi ndo tuongee vyuma.

Sasa dai. Mtaambiwa sana kwamba ile ya kubana shingo tu ndo inaleta shabaha kali na ganda linadumu. Kwa raifo ya .308 ya kulengea shabaha pale renji kuna ukweli kidogo, ila kwa bunduki ya porini mi nakataa kabisa. Ganda likipigwa linatanuka linashika umbo la chemba (pale risasi inapokaa ndani ya mtutu), sasa ukibana shingo peke yake mwili unabaki umejaa vilevile, ukilipiga mara kadhaa boliti, kile chuma cha kufungia risasi ndani, inaanza kugoma kufunga. Weka na vumbi la porini la mwezi wa nane juu yake halafu nyati yuko hapo mbele, hiyo risasi ya pili unaitaka iingie bila kubembelezwa. Kwa hiyo nunua ya kubana ganda zima, Lee, RCBS, Hornady, yoyote, nyuzi zake karibu zote ni zilezile zinaingia kwenye presi za kawaida.

Kinacholeta tofauti kubwa ni unavyoifunga. Karatasi ya kwenye boksi mara nyingi inakwambia ishushe mpaka iguse kishikio cha ganda kisha ongeza kidogo, ukifuata hivyo unaweza kurudisha bega (pale ganda linapopungua kuelekea shingoni) nyuma kuliko inavyotakiwa. Mzunguko mmoja wa hizo nyuzi ni kama milimita 1.8, ina maana hata robo tu ni karibu nusu milimita, na sisi tunatafuta bega lirudi 0.05 hivi, basi, labda 0.1 kwa ya kuwindia. Anza dai ikiwa juu, paka ganda grisi (hata shingo usiisahau kwa ndani), bana, lifute, jaribu kwenye chemba, shusha kidogo tena, mpaka boliti ishuke bila ubishi.

Wenye .375 H&H, ile ya wanyama wakubwa, hapa ndo msikilize zaidi. Ile risasi ni ya 1912 na ina mkanda kule kitakoni, ukiibana hovyo bega linakaa mbali na chemba na kila ukipiga ganda linavutika pale juu ya mkanda, ndani linakuwa jembamba. Chukua waya mwembamba ukunje ncha, upitishe ndani kwa taratibu kuelekea kitako, ukikwama kwenye kamfereji hilo ganda tupa, hata kama kwa nje linang'aa.

Dai ya kukalishia kichwa, ukiwa na hela ya ziada iweke hapa kama unalenga shabaha, zile za Forster au Redding zenye kipimo juu zinakalisha kichwa kikiwa kimenyooka na unarudia urefu uleule bila kubahatisha. Mwindaji hahitaji hiyo, yeye ahakikishe dai yake inaweza kukaza mdomo wa ganda, maana bunduki kubwa inavyopiga teke risasi zilizobaki kwenye magazini vichwa vinasukumwa ndani.

Na hii hali ya hewa yetu, hasa mnaokaa Mbezi Beach na Kigamboni, chumvi inakula dai mkiiacha na boksi lake la plastiki tu. Paka mafuta, weka na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Siku ya kutumia safisha kwanza kwa ndani, yale mafuta yakibaki hayana pa kwenda, yanabonyeza bega la ganda.