Muulize Fundi: Stevens ya zamani imejaa kutu, nianze na msasa?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi niko Columbus, Ohio. Baba mkwe wangu alifariki mwaka jana (ni Mmarekani, mke wangu ni wa huku) na katika vitu alivyotuachia kuna bunduki moja ilikuwa ya babu yake, imekaa besmenti kwenye unyevu miaka sijui mingapi. Ni ile ya risasi moja moja, unashusha mkono wa chini ndo chemba inafunguka unatia risasi kwa kidole. Mtutu mzito, nusu una pembe nane nusu duara, kitako nyuma kimekatwa kama mwezi mwandamo. Imeandikwa J. Stevens A. & T. Co., Chicopee Falls, Mass., alafu 22 Long Rifle. Kutu nyekundu kila mahali na ubao umebonyea bonyea. Shemeji yangu ana grainda, anasema tuisugue ing'ae kisha tupake ile dawa nyeusi ya chupa ya dukani. Nataka kumsapraizi mke wangu, na ikiwezekana tupige nayo shabaha. Naanzia wapi?
Mkwe Mtiifu, Ohio

JIBU: Mkwe Mtiifu, mwambie shemeji achomoe kwanza waya wa grainda ukutani ndo tuongee.

Kwa maelezo yako hiyo inaonekana ni Stevens Ideal namba 44 au ndugu yake 44½. Ile 44 ilianza kutengenezwa 1894 ikaenda mpaka 1932, na 44½ ilitoka 1903 ikaishia miaka ya vita ya kwanza. Ukitaka kuzitofautisha shusha ule mkono taratibu uangalie kile kipande cha chuma kinachoziba chemba, kwenye 44 kinabembea kurudi nyuma, kwenye 44½ kinateremka wima, na hii ya pili ndo yenye nguvu zaidi. Kampuni ya Stevens ndo ilileta risasi ya 22 Long Rifle mwaka 1887, hii hii inayouzwa mpaka leo, kwa hiyo umeshika kitu cha nyumbani kwake kabisa. Enzi hizo Marekani ilikuwa na vilabu vingi vya shabaha vya wahamiaji wa Kijerumani, watu wanasimama wima bila kuegemea kitu wanapiga yadi 200, karibu mita 183, na bunduki za risasi moja ndo zilikuwa malkia wa mchezo ule. Vita ya 1914 ilipokuja na chuki dhidi ya Wajerumani, mchezo ukafifia.

Sasa geuza mtutu usome vizuri maandishi yote. Ukikuta neno Pope popote pale, simama hapo hapo usiguse kitu. Harry Pope alikuwa fundi wa mitutu aliyefanya kazi na Stevens kuanzia 1901, na mtutu wake wenye alama halisi wakusanyaji wanautafuta kama dhahabu, hiyo unampelekea mtaalamu tu. Na hayo maandishi A. & T. (Arms & Tool) yanakusaidia kujua umri, kampuni ilibadilisha jina 1916 ikaacha hizo herufi, kwa hiyo yako ni ya kabla ya hapo. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inaita antiki, yaani ya kale isiyobanwa kama bunduki za kawaida, bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla, lakini namba ya kiwanda iliyogongwa kwenye Stevens yako peke yake haitakuambia mwaka kwa uhakika, so ichukulie kama bunduki ya kawaida usijitafutie kesi.

Tuje kwenye kutu. Kwanini nakataza msasa na grainda? Kwa sababu pembe zile nane zilikatwa kali, mashine ikipita mara moja tu zinalainika, herufi zinafifia, mashimo ya skrubu yanakuwa kama sahani, na hakuna fundi duniani anayeweza kurudisha chuma kilichoondoka. Bunduki ya zamani ya kahawia yenye kila kitu chake inauzwa bei nzuri kuliko iliyong'arishwa ikawa kama sufuria mpya, na hata kama huuzi, babu wa mkweo aliishika ikiwa na pembe zake.

Njia ninayoipenda mimi ni kuchemsha. Ndiyo, kuchemsha kwenye maji. Ile rangi nyeusi-buluu ya bunduki za zamani yenyewe ni kutu iliyogeuzwa, na kutu nyekundu ikichemshwa kwenye maji safi inageuka nyeusi, ile aina ngumu inayokaa palepale na kukinga chuma. Unaondoa ubao wote na vidude vya ndani, unaosha chuma kwa asetoni mpaka mafuta yaishe kabisa, kisha unakitumbukiza kwenye trei ndefu ya chuma yenye maji ya distili yanayochemka (ya bomba yana chokaa yataacha madoa), dakika kama ishirini au thelathini. Ukikitoa utaona nyekundu imekuwa nyeusi kama masizi. Hapo unasugua pole pole kwa pamba ya chuma laini kuliko zote, ile ya 0000, nayo uioshe mafuta kwanza, yale masizi yanatoka na chini unakuta ule weusi wa zamani uliokuwa umefunikwa. Kutu ikibaki unarudia. Mwisho mafuta haraka chuma kikiwa bado cha moto, ndani ya mtutu usisahau. Mtutu kama umegoma kutoka kwenye kiwiliwili (kile kipande cha chuma cha katikati unapoingia mtutu) usiulazimishe, chemsha vyote pamoja. Na kwenye kiwiliwili ukiona mawingu mawingu ya buluu na kahawia, hiyo ni rangi ya kiwandani iliyotokana na kugumisha chuma, hapo pamba ya chuma usiipeleke kabisa, mafuta na kitambaa tu.

Skrubu ndo zinaharibiwa na watu wengi kuliko hata kutu. Bisibisi ya kawaida ncha yake imechongoka kama kabari, inapanda juu inakula mdomo wa skrubu. Tafuta bisibisi za mafundi bunduki ambazo ncha iko sawa na inajaza mfereji wote, weka mafuta ya kupenya, acha hata siku kadhaa, jaribu tena, pasha joto kidogo, jaribu tena. Haraka ya nini, babu mwenyewe alishaenda.

Ubao ni wolnati, usiupige msasa maana ukishuka chini ya chuma hautapanda tena. Pale palipobonyea weka kitambaa kibichi upitishe ncha ya pasi ya moto, mvuke unavimbisha nyuzi zinarudi juu, si zote lakini nyingi. Kisha mafuta ya kitani (linseed) kidogo sana kwa kiganja.

Kuhusu kupiga shabaha: tazama ndani ya mtutu kwa tochi kutokea nyuma. Baruti na fataki za risasi za miaka ile ziliacha chumvi inayovuta unyevu, na chumvi haitoki kwa mafuta, inatoka kwa maji, ndo maana mitutu mingi ya 22 ya umri huo imeliwa ndani. Ikiwa imeliwa sana fundi anaweza kutoboa na kuingiza mtutu mwembamba mpya ndani ya ule wa zamani, nje huoni tofauti. Kabla ya risasi ya kwanza fundi wa bunduki apime kwamba chemba inafunga sawasawa, hili sijadiliani na mtu. Akikuruhusu, tumia 22 za mwendo wa kawaida, zile za kasi kubwa waachie wenye bunduki za sasa. Na usiifyatue kavu, yaani bila risasi ndani, pini inagonga ukingo wa chemba inaacha kovu na maganda yanaanza kugoma kutoka.

SWALI: Fundi, mimi niko Leicester. Mzee wa jirani yetu amefariki na mjane wake kanionesha bunduki ya shabaha ya BSA Martini, ya 22, ya kabla ya vita ya pili. Anataka kunipa. Si ni antiki hiyo, naichukua tu?
Da Mwana

JIBU: Da Mwana, usiichukue, hata kuibeba mpaka mlango wa pili. Uingereza umri peke yake hautoshi, bunduki inahesabiwa antiki kama risasi yake ni ya aina iliyopitwa na wakati, na 22 Long Rifle inauzwa mpaka kesho. Inataka cheti cha silaha. Mama apige simu polisi, idara ya leseni, aeleze kwamba mume amefariki na kuna silaha ndani, wao watamwambia aikabidhi kwa nani, mara nyingi muuzaji mwenye leseni anaitunza wakati wewe unaomba cheti chako. Ukishapata cheti na klabu ya kupigia, niandikie tena, maana Martini za BSA za Birmingham ni tamu mno kuzifanyia kazi na zina mambo yake.

SWALI: Hayo mafuta ya kitani unayosemaga, nimepakia kabati langu la zamani nikabaki na matambara. Nayafua nitumie tena?
Msomaji, Arusha

JIBU: Usiyafue na usiyakunje ukayatupa kwenye kona. Yakikauka yakiwa yamerundikana yanajipasha moto yenyewe mpaka yanawaka, karakana zimeungua hivyo. Yatandaze nje moja moja juu ya saruji mpaka yawe makavu magumu, au yatumbukize kwenye ndoo ya maji kwanza, ndo utupe.