Uliza Fundi: Nifunge usukani wa pembe kwenye haibridi, ama ninunue tu baiskeli ya mbio?

SWALI
Salaam Fundi. Mimi niko Mukono, nina haibridi (ile iliyo katikati ya baiskeli ya mbio na ya milimani) ya usukani mnyoofu, gia 24 yaani 3 mbele mara 8 nyuma, mbele meno 48-38-28 na nyuma kubwa 32 ndogo 11, tairi 700x40 za meno meno, foko ya springi, breki za V (mikono miwili mirefu inayobana rimu). Inanipeleka kazini kila siku sina shida nayo. Shida ni Jumapili, nimeanza kutoka na vijana fulani tunashika njia ya Jinja na wote wako na baiskeli za mbio, tukifika Lugazi mimi siwaoni tena, nawakuta Mabira washamaliza soda wananicheka. Fundi mmoja hapa kwetu anasema atanifungia usukani wa pembe, ule uliojikunja kwenda chini kama wa wenzangu, na chenringi kubwa mbele (lile duara la meno kwenye pedali) nitakuwa sawa nao. Mimi nina kilo 75, baiskeli tuliipima ikatoa 14. Nimpe pesa ama niweke akiba ninunue ya mbio?
– Msomaji, Mukono

JIBU
Kaka wa Mukono, huyo fundi usimpe pesa kwanza. Sisemi ni mwizi, kazi yenyewe inawezekana kabisa, lakini ukishaanza haiishii kwenye usukani. Breki za V zinataka wenzo unaovuta kebo ndefu, na zile shifta za baiskeli ya mbio, ambazo gia na breki viko pamoja, zinavuta kebo fupi, kwa hiyo ukifunga hivyo hivyo breki itakuwa laini laini haishiki vizuri, na wewe uko mteremkoni na lori la miwa liko nyuma yako. Basi unanunua breki nyingine ama vifaa vya kurekebisha mvuto. Gia 8 za nyuma zitakubali, ya mbele itasumbua maana ya haibridi na ya baiskeli ya mbio hazivuti sawa. Ongeza shifta zenyewe ambazo ndio bei, usukani, tepu, kebo mpya zote. Halafu ukishalipa yote hayo ndio unagundua umejinyoosha kama mtu anadaka mpira, kwa sababu fremu ya haibridi imetengenezwa ndefu ikitegemea usukani mnyoofu ulio karibu na wewe, huu wa pembe unasogeza mikono mbele zaidi, itabidi utafute shingo fupi ya usukani na hata hivyo hujui kama itakaa sawa. Hesabu hiyo ukiifanya kwa ukweli utakuta umefika nusu ya njia kwenda kwenye baiskeli ya mbio iliyotumika, na bado unaendesha kilo 14.

Chenringi kubwa ndio sikuelewa kabisa. Meno 48 mbele na 11 nyuma, ukikanyaga mizunguko 90 kwa dakika unaenda karibu kilomita 50 kwa saa. Wewe unaachwa Lugazi ukiwa kwenye 50? Hapana kaka. Gia unazo, tena wakati wa mlima unazo kuwazidi, ile 28 mbele na 32 nyuma ni nyepesi sana kuliko 34 mbele kwa 28 nyuma ambayo nyingi za mbio zinaishia hapo. Usiiguse.

Sasa unaachwa na nini? Watu wengi wanadhani ni uzito. Wewe na baiskeli ni kilo 89, ukipata ya kilo 9 mtakuwa 84, tofauti haifiki hata asilimia 6, maana yake mlima wa dakika 10 unapata kama nusu dakika. Nusu dakika sio soda nzima. Kinachokumaliza ni upepo na tairi. Kwenye tambarare ukishapita kilomita 20 na kitu kwa saa nguvu yako nyingi inaenda kupasua hewa, na hii kitu inapanda vibaya, kutoka 25 mpaka 30 kwa saa tu hewa peke yake inadai nguvu zaidi kwa asilimia 73 hivi. Na wewe umekaa wima kifua wazi juu ya tairi za meno zinazovuma kwenye lami.

Kwa hiyo anza na tairi. Tafuta laini, 700x32 (32 ni upana kwa milimita), pembeni ziwe na namba 622 ndio zinaingia rimu yako. Jaza psi 65 hivi kwa uzito wako, ya nyuma kidogo zaidi ya mbele, usipite kiwango kilichoandikwa ubavuni, hata kama kijana wa pampu anasema ikiwa ngumu ndio inakimbia, kwenye lami yetu ya viraka tairi ngumu kama jiwe inakurusha rusha tu na kukuchosha. Hii ndio pesa ndogo italeta tofauti kubwa na utaisikia siku hiyo hiyo.

Halafu foko, kama ina kifungo cha kulock ilock ukiwa kwenye lami. Kama haina achana nayo kwanza, kuweka foko ngumu kunataka ipatikane yenye urefu uleule, fupi ikiingia mbele inashuka na usukani unakuwa mwepesi wa kuyumba. Usukani nao ushushe, toa zile pete zilizo chini ya shingo uziweke juu, ama geuza shingo iangalie chini, na kama ni mpana sana kata sentimita mbili kila upande baada ya kuhakikisha wenzo za breki bado zinaenea. Funga vipembe vidogo kwenye usukani, upande wa ndani wa vishikio, upumzishe viganja. Hapo umeinama kidogo, mifupa ya mgongo ikizoea unashusha tena.

Na kitu cha bure, kaa nyuma ya tairi ya mwenzako. Ukiwa karibu nyuma yake unapunguziwa kazi robo mpaka theluthi, lakini ukimwachia mita kumi hiyo faida imepotea, na nadhani ndio yanayokupata, mlima mdogo tu baada ya Mukono unawaachia nafasi halafu unapigana na upepo peke yako mpaka Mabira. Waambie hao vijana wakuweke katikati. Kama ni marafiki watakubali.

Endesha hivyo miezi kadhaa. Ukiona bado unataka kwenda nao kila Jumapili, basi nunua ya mbio iliyotumika, na haibridi usiiuze, ndio ya kazi na ya mvua. Ukienda kuchagua angalia saizi kabla ya rangi. Legeza bolti ya nguzo ya kiti ujaribu kuizungusha, nyingi zimekwama humo ndani na hazitoki. Pitisha kidole kwenye rimu pale breki inaposhika, kama pamebonyea imeisha. Tairi za kubandikwa na gundi kataa kabisa, ukipata pancha Namawojjolo utakula kuku wa pale ukingojea pikapu. Angalia kama nafasi ya foko inaingiza tairi ya 28, za zamani nyingi zinaishia 25 na kwa barabara zetu hiyo ni mateso. Ya kaboni iangalie na mtu anayeijua, karibu na shingo na pale pedali zinapofungwa, ufa mdogo tu unatosha kuikataa.

SWALI
Fundi, huku Gulu nimepata ya mbio bei nzuri sana, lakini kutoka kwangu mpaka lami ni maramu kama kilomita 6. Nichukue?
– Msomaji, Gulu

JIBU
Dada, inategemea tairi gani inaingia. Ikipokea 32 chukua. Ikiwa ni 25 mwisho, kilomita 6 za maramu kwenda na kurudi, kiangazi mchanga mvua tope, utakuwa unaisukuma zaidi ya kuipanda, na hiyo bei nzuri ataipata mtu wa mjini. Tafuta haibridi ya foko ngumu.