GPS ya pikipiki: usiifunge moja kwa moja kwenye betri

Umeuliza kama unaweza kuifunga GPS ya kukuonyesha njia moja kwa moja kwenye betri. Kuwaka itawaka, ila itaendelea kunyonya umeme hata pikipiki ikiwa imezimwa. Iache imelala wiki mbili tatu uone kama stata haitagoma. (Ile ya kusaka pikipiki iliyoibwa ni habari nyingine, hiyo inataka umeme muda wote.) Mimi ningechukua moto (umeme wa chanya) kwenye waya unaopata umeme ufunguo ukiwashwa tu, kwa mfano wa taa ya nyuma. Usikisie kwa rangi, shika multimeta (kipimo cha umeme): ufunguo ukizimwa isome volti 0, ukiwashwa isome 12 na kitu.

Kabla ya hapo soma mgongo wa kifaa. Kimeandikwa 5V? Basi lazima kipitie kwenye kipunguza volti, maana injini ikinguruma umeme hupanda hadi volti 14 na ushee, utakiunguza.

Fyuzi isikose. Ampea 2 kwa kawaida inatosha, na ikae jirani na pale unapochukua umeme, siyo huko mwisho kwenye GPS. Waya ukichubuka katikati na kugusa chuma, fyuzi ya mwisho haisaidii kitu.

Waya wa hasi peleka kwenye betri. Kwenye shingo ya usukani acha waya ulegee, kisha zungusha usukani kushoto na kulia mpaka mwisho uone kama hauvutwi. Hapo ndipo nyaya hukatikia ndani kwa ndani, huku plastiki ya nje ikionekana nzima.