Dizeli na petroli si kitu kimoja

Dogo umeuliza kama ukienda VETA (chuo cha ufundi stadi) kusoma ufundi wa magari ya dizeli utakuwa unarudia tu yale yale ya gereji ya petroli. Hapana bana, spana ni zile zile ila injini inafikiri tofauti. Dizeli haina plagi za kuwashia, hewa inabanwa mara 14 mpaka 20 hivi (petroli ni kama mara 10) inapata joto kali, nozeli ikipuliza mafuta yanawaka yenyewe, ndo maana hedi (kile kifuniko cha juu cha injini) na pistoni zake nzito na betri lazima liwe la maana.

Jifunze vizuri kutoa hewa kwenye mfumo wa mafuta. Gari ikikata dizeli hewa inaingia kwenye paipu, hizi za zamani hata ukijaza tenki haiwaki hivihivi, unalegeza nati ya kutolea hewa pale kwenye filta, unapampu kwa mkono, mwanzo yanatoka mapovu, yakianza kuja mafuta matupu ndo unakaza. Wengine wanapiga stata tu mpaka betri linakufa, inaudhi kweli.

Alafu hizi mpya za komon reli (nozeli zote zinakula mafuta kwenye bomba moja la presha kubwa) presha inapita baa 1,000, injini ikiwa inawaka usije ukapapasa paipu kwa kidole kutafuta inapovuja, mafuta yanapenya ngozi na hapo ni hospitali moja kwa moja hata kama tundu dogo. Tumia kipande cha boksi.

Ukifika muda wa fildi (mafunzo ya vitendo kazini) omba gereji ya malori au matrekta.