Maswali na Majibu: Ziwa la Matajiri Juu ya Mji wa Johnstown

Safari hii tunajibu maswali kuhusu Ziwa Conemaugh, katika milima ya jimbo la Pennsylvania, Marekani, ambako matajiri wa Pittsburgh walipumzika kila kiangazi tangu mwaka 1881 hadi tarehe 31 Mei 1889, siku ambayo maji yake yaliuangamiza mji wa Johnstown.

Je, lilikuwa ziwa la asili?

Hapana. Lilikuwa bwawa lililozuiwa na ukuta wa udongo na mawe, wenye kimo cha mita 22 na urefu wa mita 280 hivi, uliokamilishwa na serikali ya jimbo mwaka 1853 ili kuupatia maji mfereji wa usafirishaji nyakati za ukame. Reli ilipochukua kazi ya mfereji huo, bwawa likauzwa na kutelekezwa, mpaka Benjamin Ruff alipolinunua mwaka 1879 na kuanzisha Klabu ya Uvuvi na Uwindaji ya South Fork.

Wanachama walikuwa akina nani?

Walikuwa kama 60, miongoni mwao Andrew Carnegie, Henry Clay Frick na Andrew Mellon. Pittsburgh ya wakati ule ilifunikwa na moshi wa viwanda vya chuma, vile vile vilivyowatajirisha, kwa hiyo walipanda treni kwenda kutafuta hewa safi. Walijenga jumba la klabu lenye vyumba 47 na nyumba 16 kandokando ya maji, wakapandikiza samaki na kuleta mashua za tanga na za mvuke.

Ukuta ulivunjwa na mvua kubwa. Kwa nini klabu ilaumiwe?

Mvua ilikuwa kubwa kweli, lakini ukuta wa udongo una adui mmoja anayejulikana na kila mhandisi, nayo ni maji kupita juu yake, kwa kuwa yakishaanza kumwagika huukwangua mpaka ukatike. Ukuta wa awali ulikuwa na kinga mbili dhidi ya hilo: mabomba makubwa ya chuma chini yake ya kupunguzia maji, na njia pana pembeni ya kupitishia maji ya ziada. Mmiliki aliyemtangulia Ruff aliyang'oa mabomba na kuyauza kama chuma chakavu, na klabu haikuyarudisha. Kisha klabu ikashusha kilele cha ukuta ili magari ya farasi yaweze kupishana juu yake, na katika njia ya maji ya ziada ikaweka wavu wa chuma ili samaki wasitoroke. Zaidi ya hayo, katikati ya ukuta, mahali ambapo ungepaswa kuwa juu kuliko kwingine, palikuwa pamedidimia. Siku ile takataka zilijaa kwenye wavu, wafanyakazi wakahangaika kuchimba njia nyingine ya maji, na yapata saa tisa alasiri ukuta ukakatika papo hapo katikati. Kwa maoni yangu, mvua ilileta maji tu. Njia ya kuyatoa ilikuwa imezibwa na watu.

Kwani hakuna aliyewaonya?

Alikuwapo. Daniel Morrell, mkuu wa kiwanda cha chuma cha Cambria huko Johnstown, alimtuma mhandisi John Fulton akaukague ukuta mwaka 1880. Fulton alitaja kasoro mbili, kukosekana kwa mabomba na ukarabati usioridhisha, na Morrell akajitolea kuchangia gharama za matengenezo. Ruff alimjibu kwamba Morrell na watu wake hawakuwa katika hatari yoyote. Jibu hilo linanihuzunisha kila ninapolikumbuka, kwa sababu bonde lililokuwa chini ya ukuta lilikuwa na watu wapatao 30,000, na waliokufa ni 2,209, zikiwemo familia 99 zilizoteketea nzima.

Je, mahakama iliwawajibisha?

Haikuwawajibisha. Kesi zilifunguliwa na zikashindwa, kwa kuwa ilikuwa vigumu kuthibitisha uzembe wa mwanachama mmoja mmoja, na janga likahesabiwa kuwa kazi ya Mungu. Baadhi ya wanachama walichangia misaada, na Carnegie akajenga upya maktaba ya mji, ambayo leo ndiyo makumbusho ya mafuriko hayo.

Nini kimebaki leo?

Ziwa halipo tena. Zimebaki ncha mbili za ukuta, zikitazamana kuvuka pengo, katika eneo la kumbukumbu la taifa lililotengwa mwaka 1964. Jumba la klabu bado limesimama. Na katika makaburi ya Grandview, juu ya Johnstown, wamezikwa watu 777 ambao hakuna aliyeweza kuwatambua. Mawe yao meupe yamepangwa safu kwa safu, bila jina hata moja.